Fimbo Kavu ya Mtu wa Kimali

Kila Mayu Lukresia aliponisalimia kwa kunishika mkono, nilirudi nyumbani na hasira.

Huku kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Ukikutana naye njiani, wewe unapinda huku, yeye anapinda kule, mnasalimiana kila mtu anatazama upande wake kama vile mmegombana. Hiyo ndiyo heshima. Sasa yule mama alikuwa akiniona tu anakuja mbio, ananikamata mkono, anautikisa, ananipiga kofi la mgongo na kuniuliza kama nimekula. Maana yake ilikuwa moja: wewe Bundala si mkwe wangu, wala usiote.

Na mimi nilikuwa namtaka Milembe, binti yake. Basi.

Baba yake Milembe ni Ngeleja wa Nkololo, ningi, yaani kiongozi wa ngoma, wa upande wa Bagalu. Pamba ikishavunwa, vikundi viwili vinakuja Bariadi kucheza mbina, ngoma zetu za mashindano, uwanja mmoja, wakati mmoja, huku Bagalu, kule Bagika. Hakuna mwamuzi. Watu wanatembea wenyewe kwenda wanakopenda, na aliyebaki anacheza mbele ya mbuzi ameshindwa. Ndiyo maana kila ningi ana dawa zake za kuvuta watu, na kila ningi anasema za mwenzake ni majani ya kulishia sungura.

Ngeleja alikuwa anashindwa. Ningi wa Bagika, mtu mmoja mfupi anaitwa Nkinda, alikuwa amepata chatu. Anacheza naye, anamvaa shingoni, anambusu. Nani atabaki kumtazama Ngeleja anatikisa mabega? Mwaka mmoja tulijaribu kuleta nungunungu. Akatoroka kabla ya wimbo wa kwanza, na mpaka leo kuna mtu Nkololo anachechemea.

Nilikwenda kwa Ngeleja kumwomba binti. Nilikwenda mwenyewe, bila mshenga, kwa sababu mimi kungoja siwezi. Hata shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo, kukaa chini kulinishinda.

“Una nini?” Ngeleja akaniuliza.

“Nina kazi, jineri.”

“Kazi gani?”

“Napaka grisi mashine za kuchambua pamba.”

“Yaani binti yangu aolewe na grisi.”

“Si grisi, baba. Ni mimi.”

“Wewe na grisi nawatofautishaje? Njoo karibu nikunuse.” Akacheka mwenyewe, halafu akaacha. “Sikiliza. Nkinda ana chatu. Niletee kitu cha kumshinda yule chatu, tutaongea habari za ukwe. Ukishindwa, usikanyage tena hapa kwangu.”

“Na ukinidanganya?”

“Mimi ningi. Ningi hadanganyi.”

Mayu Lukresia alikuwa anasaga mtama pale pembeni. Akacheka mpaka jiwe likasimama. Kile kicheko kilitakiwa kinishtue, lakini mimi nilikuwa tayari natafuta baiskeli yangu.

Jineri pale kulikuwa na fundi wetu, Marcelo. Alikuwa vitani Bama, kupigana na Wajapani, kazi yake kutandaza waya za simu, na tangu amerudi hajawahi kunyamaza. Nyuma ya stoo kulikuwa na injini ya zamani imekufa, na kwenye ile injini kulikuwa na magineto, kile kidude chenye sumaku ndani ambacho ukikizungusha kinatoa cheche. Nilikuwa nakifuta vumbi nikakizungusha, mkono mwingine uko pabaya. Nikajikuta nimekaa chini na sikumbuki kukaa.

Marcelo alicheka akafuta machozi.

“Umeonja?”

“Kitu gani hicho?”

“Umeme. Kaa hivyo hivyo nikufundishe, umeshakaa tayari.” Akachukua spana akaninyooshea. “Kila kitu kimejengwa na atomu. Ndogo ndogo, hazionekani.”

“Atomu ile ya bomu?”

“Hiyo hiyo. Ikikaa kwa amani ndiyo mimi, ndiyo wewe, ndiyo hii spana. Sasa fikiria zizi. Katikati ya zizi kuna chaji ya kujumlisha. Nje wanazunguka ndama wadogo mno, wana chaji ya kutoa. Wanaitwa elektroni. Kujumlisha na kutoa wanapendana kama wewe na yule binti wa Nkololo, kwa hiyo ndama hawaendi mbali.”

“Mimi na yule binti tunakaa mbali.”

“Nyamaza. Kwenye shaba, ndama wa nje kabisa hajafungwa. Anazurura, leo zizi hili kesho zizi lile. Ukimsukuma wa huku, anamsukuma mwenzake, naye mwenzake, kundi zima linasogea. Huko kusogea ndiyo umeme. Kwenye mti mkavu au raba, kila ndama ana kamba na kigingi. Sukuma mpaka ufe, hawaendi.”

“Sasa mimi mbona nimerushwa? Mimi ni shaba?”

“Wewe ni mfuko wa maji ya chumvi.”

“Fundi, usinitukane.”

“Sikutukani. Maji matupu ni mavivu kupitisha umeme. Tia chumvi, ile chumvi inaachana vipande vipande, vingine vya kujumlisha, vingine vya kutoa, na hivyo ndivyo vinabeba chaji. Damu yako ina chumvi. Jasho lako lina chumvi. Na lazima njia izunguke irudi kwenye mashine. Ikikatika mahali pamoja tu, umeme unasimama wote, hata kwa aliye mbali na palipokatika.”

Pale pale nikaona mbina. Watu wanashikana mikono, duara kubwa, wa kwanza ameshika waya huu, wa mwisho ameshika waya ule. Unazungusha mara moja, wanaruka wote kwa pamoja. Chatu gani anaruka hivyo?

Marcelo alinipa ile magineto, akaitengenezea mpini wa kuzungushia na kuifunga juu ya ubao. Akaniambia tu, “Usimwekee mzee mgonjwa wa moyo.”

Mazoezi tulifanya Nkololo, nyuma ya zizi la Ngeleja. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Nilizungusha, Ngeleja aliyeshika waya wa kwanza akapiga yowe, na wa mwisho naye akapiga yowe, lakini waliokuwa katikati walisimama wanatafuna miwa.

“Wananicheka mimi peke yangu!” Ngeleja akasema. “Hii dawa inachagua wazee!”

Milembe alikuwa ameleta maji. Akaweka mtungi chini, akatazama miguu ya watu.

“Wako peku,” akasema. “Na hapa ng'ombe wamekojoa, udongo umelowa. Si umeme unapita chini? Ukifika kwa baba unaingia ardhini, unatokea kule kwa wa mwisho. Hawa wa katikati utawafikia kwa njia gani?”

Nilikuwa nimemweleza habari ya ndama na vigingi mara moja tu, na yeye akaielewa kuliko mimi. Tukawavalisha wote makatambuga, yale ya matairi ya gari, kwa sababu raba haipitishi. Nikazungusha. Mstari mzima ukaruka kama panzi. Mmoja akasema ameona marehemu babu yake. Wakaomba tena.

Halafu Ngeleja akasema bila dawa yake haijakamilika. Akaleta kibuyu, ndani kuna mizizi imechemshwa, majivu, na chumvi tele, ile chumvi ya udongo tunayowapa ng'ombe. Akampaka kila mtu viganjani. Nikazungusha, na safari hii wakaruka juu zaidi, na mmoja makatambuga yakabaki chini yenyewe.

“Umeona?” Ngeleja akaniambia. “Dawa!”

“Ni chumvi, baba.”

“Chumvi iko ndani ya nini?”

“Ya dawa.”

“Sasa unabisha nini?”

Siku ya mbina Bariadi ilijaa. Watu wametoka mpaka ziwani, wanawake wa samaki wa Lamadi na vikapu vyao, wachungaji na fimbo zao, na wenye maduka wamesimama vibarazani. Nkinda alianza mapema. Alimtoa chatu kwenye kapu taratibu kama anatoa mtoto kwenye maji ya moto, akamweka shingoni, na umati wote ukahamia kwake kwa kishindo. Upande wetu walibaki mbuzi na bibi mmoja aliyelala.

“Ngeleja!” Nkinda akapiga kelele. “Yule nungunungu wenu hajambo?”

Watu wakacheka. Ngeleja akakaza macho mbele. “Bundala, fanya kazi yako.”

Tukapanga duara, makatambuga miguuni, dawa mikononi. Ngeleja akashika waya wa kwanza. Mayu Lukresia, kiongozi wa akina mama, akasimama katikati kabisa. Dakika za mwisho akaja mgeni mmoja, kijana mrefu, shuka jipya, mafuta ya ng'ombe usoni mpaka nzi wanateleza. Ngeleja akasema huyu ni Kasmiri wa Kimali, amekuja kuangalia ng'ombe, naye aingie duarani apate heshima. Akaingia upande wa Mayu Lukresia. Mimi sikujali. Nilikuwa natazama waya zangu.

Ngeleja akaita, “Bagalu! Leo radi inacheza na sisi!” Watu kadhaa wakageuka. Hata Nkinda akageuka, na chatu akageuka naye.

Nikazungusha.

Kimya.

Nikazungusha tena, kwa nguvu. Hakuna aliyeruka. Mtu mmoja alikohoa. Ngeleja akaruka peke yake kwa uwongo, akaona hakuna anayemfuata, akatua.

“Radi imelala!” Nkinda akasema. “Mpeni uji!” Na waliokuwa wanakuja wakarudi kwa chatu.

“Milembe,” nikasema, “shika mpini.” Akaja, akapiga goti mbele ya ubao. Mimi nikaanza kutembea ndani ya duara nikitazama mikono, kwa sababu maneno ya Marcelo yalikuwa yananigonga kichwani: ikikatika mahali pamoja tu. Mkono, mkono, mkono. Wote wameshikana vizuri, wanatoka jasho. Nikafika kwa Mayu Lukresia. Mkono wake wa kushoto umeshikana na jirani. Mkono wa kulia umeshika fimbo. Na upande wa pili wa fimbo yupo Kasmiri.

Fimbo ya kuchungia, ya mti mgumu, imekauka miaka na miaka. Humo ndani ndama wote wamefungwa.

“Shikaneni mikono,” nikawaambia.

Kasmiri akatazama mawinguni. “Hapa haiwezekani.”

“Kwa nini haiwezekani?”

“Heshima.”

“Heshima ya nini? Ni mama yako?”

“Ni mama mkwe wangu,” akasema, na hakusema kwa ubaya. Alidhani najua. Alidhani Nkololo nzima inajua, na nadhani ilikuwa inajua kweli.

Mayu Lukresia akaanza kuhesabu vidole vya miguu yake.

Nikarudi kwa Ngeleja. Bado ameshika waya, na jasho linamtiririka.

“Baba, yule ni nani?”

“Mgeni.”

“Mgeni wa nani?”

“Bundala, watu wanaondoka. Tutaongea nyumbani.”

“Nyumbani ndiko ulikoniambia ningi hadanganyi.”

“Sasa nimedanganya wapi? Nilisema tutaongea habari za ukwe. Nilisema wako?”

Nilitaka kung'oa waya zangu, nibebe ubao wangu niende. Nilikuwa nimeshainama. Ngeleja akanishika bega.

“Usiwe mtoto. Ingia pale katikati yao. Mkono huu umshike Mayu, mkono huu umshike Kasmiri. Duara lifunge, tumshinde yule nyoka, na wewe nitakupa shukrani kubwa.”

Na Mayu Lukresia akanyoosha mkono wake. “Njoo, mwanangu,” akasema. “Shika. Si tumezoeana?”

Unaona mtego ulivyo? Nisipoushika ule mkono, Bagalu wanashindwa, na Ngeleja alishasema nikishindwa nisikanyage kwake. Nikiushika, mbele ya Bariadi nzima na nusu ya Lamadi, basi nimetangaza mwenyewe kwamba huyu si mama mkwe wangu na hatakuwa. Nikasimama katikati ya uwanja kama ng'ombe aliyefika mnadani akasahau anauzwa au ananunua.

“Bundala!” Ni Milembe, mkono kwenye mpini. “Ile fimbo ni kavu.”

“Nimeiona!”

“Si uilowanishe! Mbona unapenda kusimama leo?”

Mungu ambariki yule msichana. Nikaenda kwenye kibuyu cha baba yake, nikakibeba chote, mizizi, majivu na chumvi ya ng'ombe, nikakimimina juu ya fimbo kuanzia kwake Mayu mpaka kwake Kasmiri. Ikatiririka, ikalowanisha viganja vyao, ikadondoka kwenye shuka jipya.

“Unanimwagia nini wewe?” Kasmiri akafoka.

“Dawa. Wenzako wote wamepakwa, wewe ulichelewa.”

“Inanuka!”

“Shika tu vizuri, mkwe wa watu.”

Nikaruka kutoka kati yao na kumwinulia Milembe mkono. Akazungusha. Sijawahi kuona mtu anazungusha kitu namna ile. Alizungusha kama anasaga mtama wa ukoo mzima.

Bagalu wakapaa. Wote, kwa pamoja, mara moja, na yowe moja, shanga zinalia, na kabla hawajatua Milembe akazungusha tena wakapaa tena. Ngeleja alikwenda juu mdomo wazi, na nadhani ndiyo siku pekee aliyoimba bila kujua anaimba. Umati ukageuka wote. Walikuja wanakimbia, akina mama wa samaki na vikapu vichwani, wenye maduka, wachungaji, yule bibi aliyekuwa amelala akawa wa kwanza mbele. Wanapiga vigelegele na kuuliza, “Wanarushwa na nini? Wanarushwa na nini?” Nkinda mwenyewe akaja kutazama, amesahau chatu wake, na chatu akajirudia kwenye kapu lake taratibu, hana ugomvi na mtu.

Lakini mimi nilikuwa natazama fimbo.

Umeme ukikupiga mkononi, vidole vinafumba na mkono unajikunja kuja kifuani, utake usitake. Marcelo alinieleza, lakini sikuwa nimefikiria itakuwaje kwa watu wawili walioshika fimbo moja. Mayu Lukresia akaivuta fimbo kwake. Kasmiri akaivuta kwake. Hakuna aliyeweza kuiachia. Kwa hiyo fimbo haikwenda popote; walikwenda wao. Walikutana kifua kwa kifua katikati ya fimbo, shavu kwa shavu, mafuta ya ng'ombe na ugoro, wakayumba wamekumbatiana, wakaanguka chini wamekumbatiana, na Milembe, sijui hakuona, sijui aliona, akazungusha mara nyingine.

Uwanja mzima ukasema “Yuuuu!” Hata ngoma zilinyamaza.

Kasmiri akasimama, akajitazama, akamtazama Mayu Lukresia anayejifunika uso na kaniki, akatazama watu wa Bariadi, na watu wa Bariadi wakamtazama yeye.

Mzee mmoja akajaribu kumsaidia. “Mbuzi mmoja tu, kijana, mnatakaswa, yanaisha.”

“Hapana,” Kasmiri akasema, meno yanagongana. “Nyumba ambayo mama mkwe anauma kwa mkono, mimi siirudii.”

Akaenda zake Kimali. Shuka limelowa, fimbo ameiacha.

Ngeleja alibebwa juu juu kuzunguka uwanja. Mpaka leo anaeleza kwamba dawa yake ndiyo iliyomshinda chatu, na mimi sibishi, kwa sababu chumvi ilikuwa humo. Nilipomfuata nyumbani kumkumbusha habari za ukwe alikohoa muda mrefu, akachungulia zizini, akasema hayo ni mambo ya mama yake Milembe. Nikamtafuta mama yake, nikaambiwa amekwenda kisimani. Nikaenda kisimani, nikaambiwa amekwenda shambani. Nikajua ananikimbia, na nikajua kwa nini. Yule mama hakusahau ni nani aliyemimina kibuyu. Nikarudi Bariadi nimekata tamaa, nikaanza kumuuliza Marcelo kama Mwanza wanatafuta wapaka grisi.

Nilipokwenda Nkololo mara ya mwisho, nilikutana na Mayu Lukresia kwenye kinjia cha kutoka kisimani, jua la alasiri, mtungi kichwani, na pale njia ni nyembamba, huku miiba kule miiba. Nikaandaa mkono wangu. Nikasema moyoni, haya, akiushika na kuutikisa, kesho naondoka Bariadi.

Aliponiona akasimama. Akavuta kaniki akafunika uso. Halafu yule mama, na mtungi wake kichwani, akapinda akaingia kwenye miiba, hatua kwa hatua, mpaka nikaona mtungi tu juu ya majani.

“Mwadila, baba,” sauti ikanisalimia kutoka kwenye majani, taratibu, kama mtu anaongea na mgeni mkubwa.

Mimi nami nikaruka njia nikaingia kwenye miiba ya upande wa pili. Ilinichana miguu yote. Sikusikia.

“Mwadila, mayu,” nikajibu, nikitazama kichuguu.

Tukakaa hivyo. Njia katikati iko wazi kabisa, hakuna anayepita. Kila mmoja anangoja mwenzake atoke kwanza, kwa heshima.

“Baba,” sauti ikasema baada ya muda.

“Naam, mayu.”

“Ile mashine yako, siku ya harusi, iache huko huko jineri.”